Niliposema Mimi si wa Mtu

Bagamoyo, Jumatano, 1884. Mvua ya masika tangu alfajiri.

Leo ni siku ya nne sijaitwa kula mkekani.

Chakula napewa. Bi Zena, mjane aliyenipokea nilipotoka shule ya wamisheni Unguja, ananiwekea sahani yangu karibu na mlango. Yeye na binti zake wanakula sinia moja, nilimokuwa nikila nao. Sahani ni ya mgeni.

Kosa ni langu.

Jumamosi majirani walikuja kusuka ukili wa mikeka. Nilijikunyata kando, maana mbele ya watu ulimi wangu hukauka. Bi Mashavu wa nyumba ya pili akauliza, "Na mwali huyu ni wa nani?"

"Wangu huyo," akasema Bi Zena.

Mimi nisiyesema, nikasema. "Mimi si wa mtu. Nina hati ya uhuru."

Bi Mashavu alicheka hadi ukili ukamponyoka. "Makubwa! Mwenzangu, umefuga kanga, karudi porini!"

Bi Zena hakucheka. Aliendelea kusuka.

Nisikilize, daftari langu, kabla hujanihukumu. Niliuzwa nikiwa mdogo hata jina la mama silikumbuki. Nalikumbuka neno "wangu" na mkono wa mwanamume shingoni. Waingereza walipolikamata jahazi lililotubeba kwenda kuuzwa, nikapewa hati na shule.

Shuleni mwalimu alitufundisha neno la Kiingereza, own. Ni kuwa na kitu, kitu chenyewe kiwe chako hasa. Lakini Waingereza hulitumia pia kwa mtu aliye peke yake, na kwa mtu anayekiri kosa. Nilidhani wana uhaba wa maneno. Akasema asili yake ni kitenzi cha kale, na kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa neno lao la kupaswa. Aliye na kitu kuna linalompasa juu yake. Niliandika hayo bila kuyaelewa.

Leo nilikuwa nikisuka peke yangu, nikakumbuka homa yangu ya mwezi uliopita. Bi Zena alilala sakafuni siku tisa ili mimi nilale kitandani. Hakuna aliyemlazimisha; "wangu" yake ilikuwa ile ya kupaswa.

Baada ya alasiri nilimfuata jikoni. Alikuwa akichagua mchele. Maneno niliyoyapanga yote yalinipotea.

"Bibi, nilikuaibisha. Nisamehe."

Hakuinua macho. "Ulisema kweli. Lakini mtu asiye na watu, akifa anazikwa na nani?"

Nilisema tena, nisamehe.

"Jikoni kila mtu mpole," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nimelitafakari neno hilo mpaka sasa, na naona amesema kweli. Nilimvunjia heshima mbele ya watu, kisha nikaja kumwomba radhi mahali asipotusikia mtu. Huo nao ni woga.

Jumamosi watarudi kusuka. Nitasimama mbele yao, Bi Mashavu akiwapo, niseme kwamba mimi ni wa nyumba hii, kwa kupenda kwangu. Hati nitabaki nayo. Acheke akitaka.

Zimebaki siku tatu. Ee ulimi wangu, utanitii?