Mgongo wa Shirinbai na matuta ya Ganjoni

Ndinda, weka kikombe chini kwanza, usije ukajimwagia chai.

Leo injinia wa barabara amekuja mtaani kwetu kupima pa kuweka matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Saifuddin wa duka la vyombo, yule asiyetaka matuta hata kuyasikia, alikuwa akimngojea na barua ya majirani ya kuyapinga mkononi.

Moyoni alijua barua peke yake haitoshi, ndiyo maana akamwita mamake, Shirinbai, kutoka Mji wa Kale aje auonyeshe mgongo wake.

"Mama ana miaka themanini na moja, bwana. Tuta moja tu, mgongo umekwisha. Na hapa hapana mtu aendaye mbio."

Hapana mtu aendaye mbio, Ndinda. Alisema vivyo hivyo.

Papo hapo tuktuk ikatokea kama inayofukuzwa, ikaingia lile shimo la mbele ya duka, ikarushwa, magurudumu yote matatu hewani. Ndani, Shirinbai mwenyewe, vazi lake la Kibohora, rida, lapepea: "Kanyaga, mwanangu! Injinia ataondoka!"

Saifuddin akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni.

Mamake akashuka akicheka, bila bakora, akamwamkia injinia kwa adabu zote, kisha akamuuliza: "Hayo matuta yenu yarusha mtu kama hilo shimo? Basi tutilie mawili."