Beata Asiachishwe Dawa

Liuli,
Wilaya ya Nyasa.
14 Agosti 2024

Mpendwa Kaka Kilian,

Shikamoo kaka. Habari za huko Dodoma? Wifi hajambo? Na mguu wako je, umepoa? Sisi tunaamka kwa neema ya Mungu, ila nyumba haina raha.

Ni huyu mpwa wako Beata. Yale maumivu ya viungo niliyokuambia wakati wa Pasaka tulidhani ni baridi. Tukawa tunamtoa kila asubuhi akaanike dagaa wa usipa kwenye vichanja, jua limnyooshe, kama tunavyomfanyia kila mtu hapa. Badala ya kupona, mashavu yakamwiva mekundu, miguu ikavimba.

Songea wamempima, wakasema ni lupasi. Sikuelewa, daktari akanieleza taratibu. Anasema mwilini mwa kila mtu kuna chembechembe ndogo mno zinazokufa kila siku, na mwili huzizoa. Wa Beata unachelewa kuzizoa. Zinalundikana, zinaharibika, halafu kinga yake inaziona kama ugonjwa, inaanza kupiga hata nyama zake mwenyewe. Imeshafika kwenye figo. Na jua, kaka, linaua chembe za ngozi kwa wingi. Kumbe tulikuwa tunamwongezea mzigo!

Shemeji yako Florian akamuuliza daktari, "Kwa hiyo mwanangu kakosa ufagio?" Daktari akacheka, akasema ufagio upo, ila ni mzito. Dawa haitaumaliza ugonjwa, itatuliza hayo mapigano na kulinda figo, asiache kuimeza. Hapo ndipo Florian alipokata tamaa. Anasema dawa isiyoponya ni dawa gani.

Sasa kapata mganga huko Liparamba. Sharti la mganga ni kwamba kwanza vidonge vya hospitali vitupwe. Beata akamwambia, "Baba, nikitupa vidonge, huyo mganga atanipa na figo?" Baba yake akatoka nje. Simlaumu sana, maana anampenda. Hata nyasi za kumwezekea kivuli uani alikata mwenyewe.

Lakini unajua desturi yetu, mtoto hapelekwi kwa mganga bila neno la mjomba. Jumapili Florian atakupigia simu kuomba ruhusa. Ndiyo maana nampa jirani yetu Vitalis barua hii, anakuja huko kwa basi la kesho. Kwenye simu ningelia tu.

Nimeomba kanisani mpaka magoti yanauma. Mungu naamini ananisikia, ila Florian anakusikia wewe.

Ukiulizwa, kaka, usiseme "fanyeni mnavyoona." Najua ndivyo unavyopenda kusema. Mara hii sema hapana.

Nisalimie wifi Mektilda, na Jastin mwambie shangazi yake anamkumbuka. Beata anakuamkia, shikamoo mjomba. Bwana akulinde, akutie neno kinywani.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Rosina