Bi Zuwena Amebaki Japani

Mawaleh, Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimesikia umeanza kupanda ngazi za zahanati bila kushikwa mkono. Nimefurahi, ila usijitie ujana ukaenda shamba peke yako. Mdogo wangu Zainabu, najua ndiye anayekusomea, namwomba asome polepole na asiruke mahali. Mimi mwili haujambo, lakini akili bado haijatulia. Kwenye simu nilishindwa kukueleza, kila nikianza sauti inakatika. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa dada mmoja wa Muheza anayekuja likizo.

Nilikwambia tu kwamba Bi Zuwena, bibi niliyekuwa namhudumia, amefariki. Sikukwambia wapi. Mama, alifia Japani, na huko huko tumemzika. Hata sasa nikiandika maneno haya naona kama naandika habari za watu wengine.

Ilikuwa hivi. Binti yake, Bi Raya, aliona tangazo la safari ya kikundi, siku saba, watu kumi na wanne: kutembelea mahekalu, kula vyakula vya huko na kununua vitu. Nilidhani bibi atakataa, maana hata kwenda Ruwi, hapa hapa Maskati, anaona mbali. Akasema, "Mie ntakwenda. Kanga zetu za udogoni zikitoka Japani. Nnataka nione zilikotoka." Alizaliwa Unguja, na kanga za wakati ule zilichapwa huko zikaletwa kwa meli. Basi na mimi nikaandikwa, kwa ajili ya kusukuma kiti chake cha magurudumu.

Siku za kwanza tulicheka sana. Tokyo treni imejaa watu mpaka mlangoni na hakuna anayesema neno. Bibi akaninong'oneza, "Wamegombana hawa?" Mimi choo cha hoteli kilinikimbiza, nilikaa nikakuta kiti chake kina moto. Kyoto tukapelekwa nyumba ya chai. Mama mmoja aliyevaa vazi lao la heshima alikoroga kikombe kimoja taratibu, kama anamvisha mtoto nguo. Bibi akanywa, akakunja uso, akasema haina sukari. Tukaletewa vitamutamu vya maharage mekundu, akauliza nani kawafundisha hawa kupika maharage ya sukari, akala vyake na vyangu.

Kila duka la nguo alisimamisha kiti na kuuliza kanga. Mwenyeji wetu wa Kijapani, dada Keiko, aliyejua Kiarabu, alitafsiri kila mara bila kuchoka, na kila mara jibu lilikuwa hawajui. Mzee mmoja akamtolea kitambaa cha buluu. Bibi akakisugua kwa vidole, akasema, "Pamba ndiyo hii hii." Akaridhika.

Siku ya tano tulikuwa Osaka, kwenye mtaa mrefu wa maduka uliofunikwa paa. Bi Raya na wenzake waliingia duka la viatu. Mimi na bibi tulibaki nje tunagawana kiazi kitamu cha kuchoma. Akaniambia, "Mwanaidi, kichwa kimekuwa kizito. Nishike." Nikamshika. Mkono wake ukaanguka pajani. Nilimwita mara tatu, kisha nikamwita Bi Raya kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mtaa mzima ukageuka. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Hospitalini daktari alipotoka aliinama kwanza, akakaa vile ameinama. Tukajua kabla hajasema.

Mama, mtu aliyekuwa anakula kiazi. Hata nusu yake nilikuwa bado nimeishika.

Baadaye alikuja bwana mmoja wa suti nyeusi na karatasi. Keiko akazisoma. "Anauliza," akasema, "mngependa achomwe siku gani, na majivu mtayachukua wenyewe au yatumwe."

"Achomwe nani?" Bi Raya aliuliza.

Bi Raya alikaa chini, pale pale sakafuni, na mkoba wake begani. Yule bwana akaogopa, akadhani amekosea jina, akawa anainama tu. Hakuwa mtu mbaya. Kwao ndiyo heshima ya maiti. Keiko alipiga magoti karibu na Bi Raya akamwambia, "Mama yangu mwenyewe tulimchoma. Sikujua kwenu haifai. Nisameheni." Mimi nilisimama tu ukutani.

Kaka yake Bi Raya, Bwana Khalfan, alipiga simu kutoka Maskati. "Mleteni mama. Msimzike huko, mleteni." Lakini kumleta kulitaka karatasi za zaidi ya wiki, na mwili utiwe dawa kwanza kwa mikono ya watu tusiowajua. Na kikundi kilikuwa kinaondoka keshokutwa. Keiko hakwenda kulala kwao. Alipiga simu msikiti hadi msikiti, na asubuhi akaja na mama mmoja wa Indonesia, Bi Nur, amebeba sanda na kafuri ndani ya mfuko. Bi Nur alisema yako makaburi ya Waislamu mlimani, mwendo wa saa tatu kwa gari, na nafasi ipo.

Bi Raya akanivuta pembeni. "Mwanaidi, angekuwa mama yako ungefanyaje?"

Miaka minne hajapata kuniuliza kitu ila kama bibi amekula na amemeza dawa. Nikaogopa. Kibali changu cha kuishi Omani kiko kwa jina la Bwana Khalfan. Nikisema azikwe, na yeye akakasirika, mimi ni wa kurudishwa. Lakini nilikufikiria wewe, Mama, nikasema, "Ningemzika leo hii, kabla hajaguswa na asiyemjua."

Akapiga simu. "Khalas, Khalfan, yamekwisha. Nnamzika mama. Ukikasirika, nikasirikie mimi." Akakata.

Tulimwosha watatu. Bi Raya alishindwa, ikabidi asimame na kutuletea maji tu. Mimi mwili ule naujua. Najua kovu la goti, najua alivyokuwa akichukia maji baridi mgongoni. Nikamwomba Bi Nur tuyapashe moto kidogo. Akaenda kuyapasha.

Waliomswalia walikuwa Waindonesia, Wapakistani na mzee mmoja wa Kijapani aliyesilimu. Hawakumjua hata jina mpaka lilipotajwa. Sisi wanawake tulisimama kando, na Keiko pamoja nasi amejifunga mtandio, analia kama wa nyumbani.

Uwanja wa ndege wa Maskati Bwana Khalfan alikuwa anatusubiri. Sikuweza kuinua uso. Alikichukua kile kiti kitupu mikononi mwangu, akakisukuma mwenyewe mpaka kwenye gari.

Kesho yake akaniita sebuleni. Nilikwenda nimeshaanza kufunga vitu vyangu. Akaniuliza mama yake alisema nini mwisho, udongo wa pale ukoje, kuna miti. Nikamweleza yote. "Ulimwosha wewe?" Nikasema ndiyo. "Kwa maji baridi?" Nikamwambia tuliyapasha. Akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Kisha akasema, "Rudi kafungue vitu vyako."

Siku ya pili ya matanga nilikuwa napitisha kahawa kwa wageni wa kike. Mama mmoja aliniinulia kikombe nimjazie. Bi Raya akainuka, akanipokea birika, akasema mbele ya watu wote, "Kaa hapa. Huyu mfiwa mwenzangu." Nikakaa juu ya zulia karibu naye. Wakaja mmoja mmoja kunipa mkono na pole, hata wale ambao miaka yote minne jina langu kwao lilikuwa "wewe". Hapo ndipo nilipolia, Mama, mara ya kwanza tangu Osaka.

Wanataka nibaki, nimsaidie Bi Raya nyumbani kwake. Nimewaambia nitajibu nikishakuona wewe, wakanikubalia. Nakuja baada ya arobaini.

Nisalimie kaka Hemedi na mkewe, shangazi Mwantumu, na jirani yetu fundi cherehani, mwambie nguo niliyoshonewa bado naivaa. Waombe wamsomee bibi Yasini. Alikuwa akiniuliza habari zenu kwa majina, kama watu wake.

Usinitayarishie chochote. Ila nikifika, siku moja tu, nikubalie nikuogeshe mgongo, hata kama unajiweza.

Ni mimi mwanao,

Mwanaidi