Mchanga wa Karani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimemzika Chifu nyuma ya bafu ya ploti tunayopanga, mahali udongo ni laini. Nimechimba mwenyewe. Magoti yanalia. Acha yalie.

Ni Fridah. Mlango wa nne, mke wa Job, yule mwenye mimba ya kwanza na mdomo wa mimba kumi. Chifu alikula kifaranga chake. Kimoja! Jana nikaona omena, zile dagaa, karibu na mfereji wa maji, zimepangwa vizuri kama za mgeni. Nani humpangia paka omena? Nilipofika Chifu alikuwa ameshakula. Alitokwa na povu mpaka jioni. Fridah akapita na ndoo yake, akacheka, akasema ati pole Kukhu — bibi, vile ploti yote inaniita — hata paka huwa na siku yake.

Pole! Nitakupatia pole, mama. Ngoja tu.

Chifu alilala miguuni pangu tangu mume wangu Wamalwa azikwe. Sasa nimebaki na mtoto wake, Karani — mweusi, kifua cheupe, kama karani wa korti. Huyu hataona nje. Mlango nimefunga.

Alhamisi, 6 Machi

Paka wa ndani ana shida moja. Choo.

Nimeweka jivu kwa karai. Karani ametembea nalo mpaka kitandani, blanketi imekuwa kama jiko. Nimeomba unga wa mbao kwa fundi — unashika miguu yake, na mkojo unakaa chini, unanuka. Nimetwanga magunzi ya mahindi. Ameyaangalia, ameniangalia mimi, ameenda kukojoa kwa kapu la nguo.

Mathenge mwenye ploti amesimama mlangoni na kitambaa puani. Ni mtu wa heshima, hakupiga kelele. Ati shosho, mimi sina neno na paka, lakini mlango wa nne wameleta malalamishi. Harufu ikiendelea, paka aende.

Malalamishi! Ameua mama, sasa anataka na mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda Bungoma kwa Ivy, mtoto wa binti yangu. Anauza kwa duka la dawa za mifugo. Nimemweleza, akanishika mabega, akasema Kukhu, kuna mchanga wa paka wa dukani, si ungeniuliza mapema bana.

Gunia mbili ameweka mbele yangu. Moja ina marashi. Nimenusa — kama choo cha hoteli. Ivy amesema paka ana pua kuliko wewe, akichukia hiyo harufu atarudi kwa kapu. Basi nimechagua isiyo na marashi. Akaweka kidogo kwa sahani, akamwagia maji. Huo mchanga ukajishika! Donge moja, gumu, unaliokota na pembeni kumebaki kukavu. Ati ni udongo fulani, ukipata maji unakunywa, unavimba, unashikana.

Amenipa sheria zake. Kina cha vidole vinne, isipungue, paka anataka kuchimba. Madonge nitoe asubuhi na jioni, na kile nimetoa nirudishe kipya. Nisimwage chooni kamwe, kitaziba bomba mpaka Mathenge alie.

Gunia lina picha ya paka mweupe anacheka, na Kizungu chote. Mimi kusoma nilijifunzia gumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa mzee, na gumbaru haikufika kwa Kizungu.

Jumatatu, 10 Machi

Karani amechimba, amefanya kazi yake, amefunika, ametoka kama mtu ametoka ofisini. Nimetoa donge na kijiko cha mashimo cha mandazi. Mandazi nitakuwa nanunua.

Hakuna harufu! Mathenge amekuja, amenusa, ameenda. Fridah alikuwa nyuma yake, ananusa pia, shingo kama ya bata. Hakupata kitu. Nimemwambia karibu chai, aone vile sijakasirika.

Vumbi lake tu ndilo baya, nikimwaga Karani anapiga chafya. Kwa hivyo gunia liko chini ya kitanda, na ule wa kuongeza kila siku naweka kwa kopo, nje dirishani.

Ijumaa, 14 Machi

Kopo limekuwa likishuka. Nilidhani ni kuku. Leo nimesimama nyuma ya pazia.

Fridah! Ameweka ndoo chini, ameangalia huku, ameangalia kule, mkono ndani ya kopo, mkono mdomoni. Nimesikia akitafuna. Amefumba macho kama mtu wa maombi.

Anafikiri ni odowa. Yale mawe laini ya sokoni, wanawake wakiwa na mimba wanayatafuna, yananukia mvua. Mimi pia niliyatafuna, kwa watoto wangu wote. Angeniomba ningempa, ya kweli, hata ningetembea sokoni na haya magoti. Lakini huyu haombi. Huyu anaiba kwa mtu ambaye amemuulia paka!

Nimecheka mpaka Karani akajificha. Kula, mama. Tafuna choo cha yatima.

Nimejaza kopo mpaka juu. Nimelisogeza upande wa njia ya mfereji. Mtu mzito asisumbuke kunyoosha mkono.

Jumatano, 19 Machi

Anakuja kila siku. Hata amenisalimia, ati Kukhu siku hizi unanichekea. Nimesema Mungu ni mwema.

Jioni Ivy amepiga simu, kama mchanga unatosha. Nimeuliza kwa kuzunguka, je, kitu kikikula huo mchanga? Kuku, kwa mfano.

Ameuliza haraka, Kukhu, nani amekula?

Nimesema kuku.

Amesema kuku, mtoto, mtu yeyote, usikubali. Kidogo kinaweza kupita. Kingi kikifika tumboni kinafanya vile kilifanya kwa sahani. Kinakunywa maji, kinavimba, kinaziba. Hiyo ni hospitali, Kukhu.

Nimesema asante mwanangu.

Kopo liko dirishani. Nalisikia hata kama halisemi. Sijainuka kulitoa. Chai imeingia baridi mkononi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimelitoa asubuhi. Lilikuwa limeshuka tena.

Sijamwambia. Kutoa kunatosha. Chifu nani alimtolea zile omena?

Jumamosi, 22 Machi

Fridah hajaenda choo siku nyingi, ploti yote inajua, yeye mwenyewe amesema kwa mfereji akijishika kiuno. Hacheki. Job amepita na papai mbili. Nduta wa mlango wa pili amesema hiyo ni mimba tu, mimba ya kwanza inafunga tumbo.

Wakaniangalia, mimi mzee wao. Nikasema, eee, ni mimba tu.

Nimesema hivyo. Na mdomo huu.

Jumapili, 23 Machi

Sijaenda kanisa. Nilikuwa najifunga leso Job akabisha, amemshika mke wake kama gunia la viazi. Ati Kukhu, usiku wote anatapika. Wewe umekanda akina mama wengi kule Kamukuywa. Mguse tu.

Nimemlaza kitandani kwangu. Tumbo la juu ni la mtoto, sawa. Chini, kushoto — gumu. Donge. Nimelijua hata kabla sijabonyeza, nalitoa kwa karai asubuhi na jioni. Amelia kama ndama. Na kitoto kikanipiga teke kiganjani. Kwa nguvu! Kama kinaniuliza kitu.

Nimemwambia Job leta gari. Si bodaboda, gari, twende hospitali kubwa. Amekimbia bila viatu.

Tukabaki wawili.

"Umekula nini, Fridah?"

"Ugali na sukuma, Kukhu."

"Na nini?"

"Odowa kidogo."

"Ya nani?"

Akageukia ukuta.

"Angalia hapa, usiangalie ukuta wangu. Mimi najua iko nini ndani ya tumbo lako. Wewe unajua ilikuwa nini ndani ya zile omena. Sema, na mimi nitasema."

"Kukhu, naumwa..."

"Hata yeye aliumwa."

"Ilikuwa ni paka!" akasema. "Paka tu!"

Karani alikuwa ameruka kitandani, ameegemea tumbo lake, mahali pa joto. Fridah hakumsukuma. Mkono wake ulikuwa juu yake, unashika manyoya kila maumivu yakija.

"Niambie nimekula nini, Kukhu. Mtoto wangu atakufa?"

"Wewe kwanza."

Gari likapiga honi.

Baadaye. Hospitali. Naandika kwa benchi, vile mkono unataka kitu cha kufanya.

Kwa gari kichwa chake kilikuwa mapajani pangu. Nilimpangusa jasho na leso njia yote. Hakutaja omena, na mimi sikutaja mchanga.

Sasa yuko kwa kitanda cha magurudumu hapa mbele yangu, midomo imekauka. Job ametumwa kulipia faili. Nesi ni msichana mdogo, Chelagat wamemwita, ana haraka lakini ana huruma. Amemuuliza, mama umekula nini? Fridah amesema ugali. Nesi ameandika ugali. Ugali na sukuma, na ameandika hiyo pia. Anamshika tumbo, uso wake unabadilika, ameita daktari.

Ameuliza tena, polepole. Hakuna kitu kingine, mama? Kitu chochote?

Fridah hamwangalii nesi. Ananiangalia mimi. Jina la Chifu bado halijatoka kwa hicho kinywa.

Mkono mmoja unaandika. Mwingine uko ndani ya kiondo, umeshika lile gunia la mchanga nililobeba kutoka chini ya kitanda. Bado sijalitoa.