Bunduki Fupi ya Baba

Ijumaa, 31 Mei
Nimemnunulia baba bunduki fupi. Mikono inamtetemeka siku hizi, bastola haimtii tena — na bila mazoezi ya shabaha ya Jumamosi kule uwanja wa machimboni atanyauka. Hii inakula risasi zilezile za bastola yake. Hata magazini zake, vile visanduku vya risasi, zinaingia! Nyepesi. Haiumizi bega. Rafiki yake Orville kaicheka: "Verlin, hiyo nini? Bastola imeota mguu?" Baba kamjibu, mbali haifiki, sawa, lakini nani kakwambia naenda kuwinda dubu? Sahani za chuma tunazolenga ziko palepale!

Jumamosi, 8 Juni
Zote! Kila sahani imelia! Akaegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, mikono ikatulia tuli. Orville kaomba aijaribu. Baba kamwambia, "Kanunue yako, mzee." Njia nzima baba anaimba. Nimelia kwa furaha, usukani mkononi.

Jumamosi, 15 Juni
Sijui nianzie wapi.
Pale uwanjani kuna sheria isiyo na msamaha: mtutu haugeuki kuelekea watu. Baba ndiye aliyenifundisha, kabla hajanipa hata risasi moja. Leo sahani ya mwisho ilipolia aligeuka mzima mzima, kidole kwenye triga, uso umejaa furaha. "Nadine, umeona?"
Nadine ni mama. Tulimzika miaka minne iliyopita.
Mtutu ulipita kifuani pangu. Orville, msimamizi wa leo, akaudaka akauinua juu. Akasema polepole, kwa leo basi, ndugu yangu. Hakuna aliyebisha. Baba akawa anatutazama mmoja mmoja, kama anatafuta aliyekosea. Orville akaenda nyuma ya gari lake. Niliona mabega yake yakitikisika.

Jumapili, 16 Juni
Siku ya Akina Baba. Orville kaja asubuhi, kofia mkononi. "Twyla, kwa bastola alikuwa hapati hata ukuta wa ghala. Kwa hii hakosi. Ichukue, nakuomba."
Ni kweli. Nyepesi, rahisi, haikosi — sifa zote zilizonifanya niinunue ndizo zinazonitisha sasa. Moyo umenivunjika. Furaha nimempa mimi, na anayempora ni mimi!
Nimemkuta barazani anaipaka mafuta. Nikasema, baba, naomba nikutunzie hiyo. Akanitazama kwa adabu, ile adabu anayowawekea wageni kanisani. Akachomoa magazini. Akafungua chemba ya risasi nione kwamba ni tupu — hilo hajalisahau! Akanikabidhi kwa mikono miwili.
"Ahsante kwa kupita, bibie. Mpelekee binti yangu, Twyla. Mwambie sasa ni yake."
Nimekimbilia jikoni, naandika huku imelala mapajani. Naye kanifuata, kasimama mlangoni. Anauliza kama nyumbani kwa Twyla napajua, au anielekeze.