Ulizo la Bénite

Butembo, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Papa Kahongya,

Nakusalimia kwa heshima zote, pamoja na wote wenye kuishi nawe kule Mutwanga. Uko na afya? Magoti yangali yanakubali kupanda? Kakao imezaa? Huku tuko bazima, Mungu asifiwe, ila baridi ya asubui ni kali, batoto banafika mu kalasi mikono ndani ya mifuko.

Ni miye Christa, mutoto wako ule alibakia Butembo na Tantine Victoire. Najua utashangaa. Tangu nilikuwa mudogo sijakuandikia hata mustari moja. Leo niko na sababu, lakini uniache nianzie mbali kidogo, juu ile sababu ilitoka kwa batoto.

Miye ni mwalimu, Papa. Nafundisha mwaka wa ine, na mwaka jana directeur alinipa kazi ya bibliothèque pia. Usiwaze jumba kubwa. Ni chumba kidogo nyuma ya jiko la masista, rafu mbili za mbao, na vitabu vyenye tulipewa na batu wa kila aina. Mwanzoni nilidhani nitafundisha tu kunawa mikono na kufunua ukurasa polepole. Mais batoto banauliza! Kitsa alitaka kujua nani anaamuaka kitabu gani kikae pembeni ya kingine. Basi tulishusha vitabu vyote chini, nikawaacha bapange venye banaona bo benyewe. Bamoja balitenga vyenye picha na vyenye havina. Shalom, binti mwenye kunyamaza sana, alitenga vyenye kusema kweli na vyenye kudanganya. Nilimuuliza anajuaje. Akanirudishia ulizo lile lile.

Njo nikaanza kuwafundisha kuuliza kitabu kama vile munauliza mugeni: Nani alikuandika? Ulitoka mwaka gani? Haya unasema uliyaona, ao ulisimuliwa tu?

Kuko kitabu kimoja cha jiografia, cha Kifaransa, chenye picha ya Ruwenzori, kichwa chote cheupe, barafu inashuka mpaka chini. Siku ile tulikifungua, Bénite alisimama. Bénite ni mufupi, na sauti yake inasikilika mpaka ku barabara. Akasema picha inadanganya. Alipitisha vacances ya masomo kwa mukaka wake, mama ya mama yake, kule kwenu Mutwanga. Asubui moja mawingu yalifunguka, akaona mulima: weupe ulikuwa kidogo tu, kama unga unabakia pembeni ya sahani. Kelele ikaanza. Kitsa akasema kitabu hakiwezi kudanganya, kilipigwa muhuri. Bénite akajibu kwamba macho yake hakuyaazima kwa mutu. Nikawaambia tutafute mwaka wa kitabu. Tuliukuta ku ukurasa wa kwanza: 1957. Kisha Shalom akasema polepole: "Donc bote babili banasema kweli, ila si siku moja." Papa, nilitaka kumubeba juu.

Sasa balitaka mutu aliyeona ile barafu katikati, nyuma ya mwaka wa picha na mbele ya ile vacances ya Bénite. Bila kuwaza nikasema kwamba papa yangu alikuwa anabebea wageni mizigo mpaka kule juu. Kalasi yote: "Umuulize! Umuulize!" Nikasema hapana, ule mutu haulizwi. Alitutupa. Hata ku maziko ya mama yangu hakukuja. Sijui maneno yale yalinitokaje mbele ya batoto.

Bénite alinyoosha kidole. Hakukuwa ubaya ndani. Alikuwa anafanya tu venye nilimufundisha.

"Mwalimu, nani alikuambia?"

Nikasema: Tantine yangu, dada ya mama.

"Na nani tena?"

Nikapiga kengele mbele ya saa kufika.

Lile ulizo lilinikatalia hata kula. Siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, nikaenda sokoni kwa Mama Orpa, ule rafiki ya mama mwenye kuuzisha samaki ya Kyavinyonge. Nikamuuliza kama alikuwako ile siku ya maziko, kama aliona yeye mwenyewe. Akaweka kisu chini, akapanguza mikono ku kikwembe. Aliniambia kwamba wakati mama alikufa ku hôpital, weye ulikuwa juu kabisa, kwenye barafu, na habari ilipanda kwa miguu kukufuata. Ulifika nyuma ya maziko, mama akiisha kuzikwa, ungali umevaa mabote ya mulima, matope mpaka magotini. Bajomba balikufungia mulango wa kiwanja. Balisema kama ungelimuleta mama mapema angelipona. Ukalala kwa Mama Orpa, ku kiti. Asubui ukamuomba asiniambie kitu, juu nitalelewa mikononi mwa bale bajomba na haifai nibachukie. Usimulaumu kwa kuvunja neno. Ni miye nilimubana.

Kisha nikauliza Tantine. Unamujua: hanaga maneno mafupi. Mara hii alikuwa anachagua maharagi, na vidole vikasimama. Akasema: "Nilisikia sauti yake ku mulango. Ulikuwa umelala juu ya magoti yangu. Niliogopa akuchukue. Sikutoka." Tulilia bote babili. Alinilea vizuri, Papa. Nilijaribu kumukasirikia, nikashindwa.

Donc ulikuja. Miaka yote hii nilikuwa mutoto wa mutu aliyekuja, na sikujua. Wasingya, Papa. Wasingya kutsibu, aksanti sana.

Sikuandikii ili ujitetee. Niko tu na maulizo, na ni mengi. Mama alikuwa ananiitaka jina gani? Nilianza kutembea wapi? Kuko badogo zangu kule, bale sijui hata majina yao? Tunafanana? Na ile ya batoto: barafu ilikuwa inakomea wapi wakati wako, na ulijisikiaje siku ya kwanza kuikanyaga?

Barua hii inaletwa na Luc, mwenye kuendesha pick-up. Yeye njo aliniambia unaishi, na mahali. Siku ya posho inayokuja atapanda tena huko, na kama barabara inatulia nitakuwa ndani. Kama hautaki nifike, umwambie yeye, nitaelewa.

Unisalimie wote wa nyumba yako, hata bale habajasikia jina langu. Tantine anakusalimia pia. Alirudi mara mbili mulangoni kabla ya kuweza kusema ile salamu. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Sijui unakunywaka chai ao kahawa. Nitaleta yote mbili.

Miye, mutoto wako,
Christa