Mchumba Wangu Alichomoa Waya wa Betri, Nafuna Akalaumiwa

Shangazi mpendwa,

Kuna mlio haunitoki kichwani: tak, mdogo tu, kama punje ya mahindi ikipasuka kwenye kikaango, kisha injini ikazima na wanaume waliokuwa wakipiga makofi wakaacha. Nakuomba unishauri kabla ya Jumamosi.

Mchumba wangu Gachau ana gereji mtaa wa Landless, huko Thika, na mimi naishi Ruiru, nina digrii ya uhandisi wa umeme na kazi yangu ni kuunda vifaa vya kukinga saketi za magari, jambo ambalo gereji nzima hulicheka, kwa sababu pale mteja akileta gari lisilochaji Gachau haulizi kipimo, huliwasha, huita watu, halafu huchomoa waya wa betri injini ikinguruma na kutangaza, "Oneni, betri iko nje na bado inapumua! Alternata hii ni nzima kuliko ndoa zenu!"

Nimemweleza hadi nikachoka kwamba alternata inasukuma umeme kama pampu na betri ndiyo tanki linaloupokea, na ukilitoa tanki ghafla, ule umeme unaruka kutoka volti kumi na nne hadi themanini au zaidi kabla hujapepesa jicho, na kompyuta ya gari haikuumbwa kumeza hayo, naye hunijibu, "Injinia, hayo ni ya vitabu, wapelekee wanafunzi wa chuo huko Kahawa Sukari." Nilimtengenezea vifaa vyenye diodi ya kuudaka mruko huo, akaviita kwa jina langu, vipuli vya Wangeci, kimoja akakifunga kwenye ufunguo wa choo.

Basi wiki iliyopita akaja Nafuna, mama mmoja kutoka Mugutha anayesambaza mikate kwa pikapu ya nyumbani kwao, ambayo asubuhi ilikataa kuwaka akaiwasha kwa kuchangiwa umeme na gari la jirani, kisha akaiendesha mwenyewe hadi Thika, na betri ikiwa na njaa hivyo alternata ilikuwa inasukuma kwa nguvu zake zote, yaani hakuna saa mbaya zaidi ya kuchomoa ule waya, na ndiyo saa Gachau aliyouchomoa: tak, kompyuta ya gari ikaungua.

"Nani alikudanganya uichangie umeme?" akamuuliza. "Umeiua mwenyewe huko nyumbani."

"Lakini si nimekuja nikiiendesha, fundi?"

"Ilikuwa inakufa polepole, mama."

Wale mabingwa wa makofi wakatikisa vichwa kama madaktari. Mumewe, Khisa, akapiga simu, akaambiwa, na sote tukamsikia: "Nilikwambia usiguse gari, Nafuna! Sasa umefurahi?" Gachau akanigeukia, akanikonyeza. Nami sikumtetea Nafuna. Sasa Khisa amesema hata likipona Nafuna hataligusa tena, kazi ya kusambaza mikate wamepewa watu wengine, na Jumamosi ukoo wa Gachau unakuja kwetu kwa ruracio, kuleta mahari. Mama anasema mwanaume hasahihishwi mbele ya watu, nitamfundisha taratibu tukishaoana. Nimfundishe, Shangazi, au niseme?

Wangeci, Ruiru

SHANGAZI ANAJIBU

Wangeci, nimeisoma barua yako mara mbili. Diodi umeieleza vizuri sana. Nafuna umemfikia ukiwa umeishiwa pumzi, na yeye ndiye aliyepoteza kazi.

Unamdharau mchumba wako kwa kutojua umeme. Hapo umekosea shabaha, binti yangu. Mafundi wengi hawajui na wanafundishika. Lakini asiyejua angeshtuka gari lilipozima, angekuna kichwa, angekuuliza wewe. Huyu alikukonyeza. Mtu hakonyezi jambo asilolijua. Alijua nani ameiua ile kompyuta, akamtwika mama wa watu mzigo huo, kisha akakualika umsaidie kuubandika. Nawe, na digrii yako, ukakubali mwaliko.

Huko kumfundisha taratibu sahau. Utamfundisha nini, aibu? Mama yako anakupenda, ila si yeye atakayesimama kwenye ile gereji akimeza maneno miaka thelathini.

Nenda Mugutha. Usipige simu, usitume ujumbe. Mwambie Khisa mkewe akiwepo, kwa maneno ambayo muuza mboga angeyaelewa. Kisha mwambie Gachau arudie hayo hayo mbele ya wale waliopiga makofi. Akikataa, Jumamosi muwe na siku ya kawaida ya kufua nguo.

Nanyi wenye magari: fundi akigusa waya wa betri injini ikiwaka, zima, ondoka. Alternata hupimwa kwa mita, betri ikiwa mahali pake. Na usinunue kinga ukadhani sasa unaweza kuruhusu mchezo huo. Kinga nayo ina kiasi inachoweza kubeba.

WANGECI ALITUANDIKIA TENA

Shangazi, nilianza na Gachau, nikitumaini. Alisema, "Unataka kuniharibia jina kwa sababu ya mama wa mikate?" Nikaenda Mugutha peke yangu. Nilimwambia Khisa nikiwa nimesimama mlangoni kwamba gari lilifika gerejini likitembea vizuri na Gachau ndiye aliyeliharibu, nami niliona. Khisa alitazama chini. Nafuna hakumngoja, alimtukana kwa Kibukusu hadi majirani wakatoka, kisha akamnyooshea mkono, akapewa ufunguo wa pikapu. Kwangu aligeuka akaniuliza swali moja tu, "Mbona ulikaa wiki nzima?"

Kompyuta nyingine nimeitafuta na kuifunga mwenyewe. Jana nilimpigia babake Gachau, nikamwambia wasije.